Jikoni kwa Bi Mkubwa: Lebo huanzia kwenye chekeche

SWALI: Assalamu alaikum, Bi Mkubwa. Mimi naoka nyumbani Mtopanga, huu ni mwaka wa tatu. Naoka vileja, biskuti za njugu, keki na mkate wa mayai. Wateja wangu wengi huniagiza kwa WhatsApp. Wiki jana mkahawa mmoja wa Nyali umeniambia utachukua maboksi ishirini kila Ijumaa, ila wanataka kila boksi liwe na lebo ya aleji. Jirani yangu, naye anauza keki, ameniambia niandike tu "Huenda ina ngano, maziwa, mayai, njugu, korosho, simsim na soya" kwenye kila kitu, nibandike, nimalize. Binti yangu anasema huko ni kudanganya watu. Nani kasema kweli? Na nianzie wapi, maana mimi hata hizo stika sijui zinachapishwa wapi.

*Mama Vileja, Mtopanga*

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Binti yako ndiye aliyesema kweli, mpe zawadi. Stika ndizo za mwisho, tutazifikia. Kwanza nikwambie kwa nini mimi, mtu wa Kibokoni niliyeoka miaka chungu nzima bila kubandika hata kipande cha karatasi, siku hizi sifungui paketi bila kalamu sikioni.

Ilikuwa 2009. Nilikuwa na oda ya vileja vya akika, Bondeni. Mama mmoja mwalikwa alinipigia simu kabla: "Bi, vileja vyako vina njugu? Mwanangu njugu zinamdhuru." Nikamjibu hata sikuacha kukanda: "Vileja na njugu wapi na wapi, mama?" Na kweli, kileja hakitiwi njugu. Lakini alfajiri ile nilikuwa nimetwanga njugu za biskuti, nikazipitisha kwenye chekeche zipate ulaini, nikalipangusa chekeche kwa kitambaa, kisha nikachekechea unga wa mchele. Mtoto wa miaka sita akala kileja kimoja na nusu. Midomo ikamvimba kama aliyeumwa na nyuki, shingo ikatoka mabaka, sauti ikakwaruza. Wakampakia kwenye tuktuk mbio hospitali, akadungwa sindano ya paja. Alhamdulillahi, kesho yake alikuwa anacheza uani.

Siku ya tatu mamake akaja kwangu kashika boksi langu. Nikajua amekuja kunitukana. Akaketi, chai akaikataa, akaniuliza kwa upole: "Bi, unga uliuchekecha kwa chekeche gani?"

Nikaenda nikalileta, tukalipeleka dirishani. Ukilitazama hivihivi, safi. Ukiliinamisha mwangani, pale wavu unapoingia kwenye bati, kuna mstari wa kahawia mwembamba kama uzi. Nikapitisha ukucha. Nikanusa. Njugu.

Hakunena tena neno, akachukua boksi lake akaenda. Laiti angenitukana.

Tangu siku ile nina machekeche mawili. La njugu na ufuta nimelifunga utepe mwekundu, lina kabati lake, na wajukuu wanajua asiliguse mtu. Sasa jiulize: siku ile ningekuwa na lebo, ingesemaje? Unga wa mchele, sukari, samli, mayai, iliki. Lebo nzuri kabisa, na mtoto angevimba vilevile. Kwa hivyo, kabla ya kwenda kwa mchapishaji, zungukia jiko lako: chekeche, mwiko, kibao cha kusukumia, brashi ya kupakia mayai, trei zenye kona zilizoshika weusi. Uliza kila kimoja kilipita wapi jana.

Na kupangusa si kuosha. Kitambaa kinaichukua njugu hapa na kuipeleka pale. Ile jeli ya kuua viini mikononi nayo haisaidii kitu, maana njugu si kijidudu useme kitakufa. Kinachomdhuru mtu ni protini iliyomo, inataka sabuni na maji, na brashi ya kuingia kwenye pembe. Usitegemee moto wa oveni pia, hauimalizi. Mimi naoka visivyo na njugu asubuhi jiko likiwa safi, biskuti za njugu zinangoja mpaka mwisho, halafu ndio naosha kila kitu na kubadilisha aproni.

Sasa daftari. Toa kila paketi iliyomo kabatini uipange mezani, usome nyuma. Utashangaa. Vileja vyako: samli ni maziwa, hata ikiwa imechujwa na kung'aa namna gani, hubaki protini kidogo. Mayai ni mayai. Ukiwa na tabia ya kutia kijiko cha unga wa ngano ili kisivunjike (wengi tunatia, hatusemi), basi na ngano imo. Lile doa jekundu katikati ya kileja nalo ni rangi, na rangi ni kiungo, iandike.

Biskuti za njugu ndizo zenye mitego. Majarini ya mkebe watu huiita siagi, wengine huidhani ni mafuta ya mimea matupu. Soma: nyingine zina maziwa ya unga, nyingi zina lesithini ya soya. Chokoleti ya kupambia keki, hivyohivyo. Ukiandika "majarini" ukanyamaza, mwenye mzio (hiyo aleji) wa maziwa hajui chochote. Andika na kilichomo ndani yake: "majarini (mafuta ya mawese, maji, chumvi, maziwa ya unga, lesithini ya soya)", kama paketi inavyosema. Na siku duka likiishiwa na ile unayoizoea, ukachukua ya kampuni nyingine, huwezi kutumia lebo ya wiki jana. Hili ndilo linalotuangusha sisi wa majumbani. Tunanunua kinachopatikana, tena mara nyingine tunapimiwa kwenye mfuko wa plastiki usio na jina wala chanzo. Kitu cha kupimiwa hivyo usikitie kwenye oda yenye lebo. Huwezi kuandika usichokisoma.

Zabibu, aprikoti kavu na nazi kavu ya paketi zitazame pia. Mara nyingi matunda makavu hutiwa salfaiti yasigeuke rangi. Utaikuta imeandikwa kwa namba, kuanzia E220 mpaka E228. Kuna watu, hasa wenye pumu, zinawabana kifua. Nazi uliyoikuna mwenyewe kwa mbuzi haina habari hiyo.

Umesema mkahawa wanataka "lebo ya aleji", na wana haki. Kiwango cha lebo za vyakula vilivyofungwa kinachotumika hapa Kenya ni KS EAS 38, cha Afrika Mashariki nzima, na vitu vinavyotakiwa kutajwa waziwazi vinafuata orodha ya Codex (kanuni za kimataifa za vyakula za FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya), ilivyokuwa kabla ya kurekebishwa 2024. Ni nafaka zenye gluteni (protini ya ngano na jamaa zake) kama ngano, shayiri na rai, kamba na kaa, samaki, mayai, maziwa, njugu na soya, korosho, lozi, pistachio na jamaa zao wa mitini, na salfaiti zikifika miligramu 10 kwa kilo. Mimi naongeza ufuta, nao ni huohuo simsim. Marekani waliutia kwenye orodha yao kuanzia 1 Januari 2023, na Uingereza umo katika orodha yao ya vitu 14.

Uingereza wana sababu ya kuwa wakali. Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uwanja wa ndege wa Heathrow akielekea Ufaransa na babake. Ufuta ulikuwa umekandiwa ndani ya unga, hauonekani kwa juu, na kifungashio hakikuutaja. Akafa. Wazazi wake wakapigania sheria, ikaanza kutumika 1 Oktoba 2021: chakula kinachofungwa palepale kinapouzwa lazima kiwe na orodha kamili ya viungo, na vya mzio vionekane kuliko vingine. Hiyo ni sheria ya kwao, haikuhukumu wewe Mtopanga. Lakini nasi tuna mkate wa ufuta, tunanyunyizia ufuta kaimati, na wapo wanaotia tahini (ufuta uliosagwa) kwenye keki. Kwa nini tungoje mtoto wetu?

Tuje kwa jirani yako na "Huenda ina kila kitu". Huo ni ujanja wa kujikinga mwenyewe, si wa kumkinga mlaji. Mama mwenye mtoto wa mzio wa mayai akisoma orodha ileile kwenye mkate usio na yai na kwenye keki ya mayai sita, mara ya kwanza ataacha vyote. Mara ya pili mtoto atalia, atampa, hatadhurika. Mara ya tatu hataisoma tena, na hiyo ya tatu itakuwa ndiyo keki ya mayai. Kilichomo kiandike "Ina". Kinachoweza kuingia kwa bahati mbaya, baada ya wewe kuosha na kutenganisha kadiri ulivyoweza, kiandike peke yake, kwa ukweli wake. Kileja chako kingekuwa hivi:

VILEJA
Viungo: unga wa mchele, sukari, samli (MAZIWA), MAYAI, iliki, rangi (jina au namba iliyo kwenye chupa).
Ina: MAZIWA, MAYAI.
Imeokwa katika jiko linalotumia pia NJUGU (KARANGA), NGANO na UFUTA (SIMSIM).

Viungo vinapangwa kwa uzito, kizito kwanza. Kwa hivyo pima kwa mizani, uache vikombe. Chini yake weka uzito wa boksi, jina lako na mahali ulipo, tarehe ya kuoka na ya mwisho wa kula, namba ya mapishi ya siku hiyo, na namna ya kuhifadhi. Namba ya mapishi usiidharau. Mimi naandika tarehe na herufi ya oveni, A kwa ya kwanza na B kwa ya pili. Mtu akipiga simu kulalamika, nafungua daftari najua alikula kilichotoka na majarini ipi.

Umeona nimeandika njugu na karanga pamoja. Usinicheke. Hapa Mombasa njugu ni njugu, kila mtu anajua ni zile za kijungu cha karatasi pale Mwembe Tayari. Mteja aliyetoka Dar anazijua kwa karanga. Mwingine ukimwambia njugu, anatia humohumo korosho na lozi. Korosho ziandike korosho, lozi ziandike lozi. Njugu ni jamii ya maharagwe, inaota ardhini, na kuna mtu anakula korosho salama ilhali njugu zinamuua, na kinyume chake. Usimfungie mlango wa kitu anachoweza kula, wala usimfungulie wa kile asichoweza. Na kwa kuwa wa Nyali wanapokea wageni, rudia majina hayo kwa Kiingereza pembeni.

Haya, stika. Duka lolote la kuchapisha na kutoa fotokopi, mjini au hapo Bombolulu, watakuchapia kwenye karatasi ya gundi ya A4, ukate mwenyewe. Usichukue zile zinazotoka kwenye mashine ya risiti. Maandishi yake yanafifia kwa jua na joto, na Mombasa hii Februari boksi likikaa dirishani siku mbili unasoma weupe. Bandika juu ya kifuniko, usibandike chini, maana samli hupenya boksi na herufi zinaelea. Herufi za mzio ziwe nzito. Kama binti yako anajua kompyuta, kazi mwachie, ila wewe ndiye wa kusoma kabla hazijachapishwa.

Mengine ya kiserikali nakupitishia haraka. Cheti cha afya cha mshika chakula unakifanya upya kila miezi sita, na leseni unaichukua kaunti. Siku ukitaka kuingia supamaketi watakuuliza alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Usingoje mpaka waulize, nenda ofisi yao ukiwa na daftari lako. Ukilipeleka limejazwa vizuri, nusu ya maswali umeshayajibu.

Na wale wa WhatsApp wasinunue paka kwenye gunia. Piga picha ya lebo uitume pamoja na picha ya keki, kabla hajalipa. Akikuuliza, "Unaweza kunifanyia isiyo na njugu kabisa?", na siku hiyo jiko lako ni la njugu, mwambie huwezi. Mimi nimekataa oda za harusi mbili kwa hilo. Mmoja alinuna, mwingine sasa ni mteja wangu wa keki za Idi, anangoja siku nisiyooka njugu.

SWALI: Bi Mkubwa, shikamoo. Nauza mkate wa sinia wa unga wa mchele, tui, sukari, hamira na iliki. Hauna ngano hata chembe. Wateja wanaokataa ngano wameongezeka, nataka niandike "Hauna gluteni" kwa herufi kubwa. Niandike?

*Wa Tudor*

JIBU: Marahaba. Usiandike bado. Neno hilo lina kipimo: Codex wanataka gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula, na hicho hakipimwi kwa macho. Mchele wako unausagisha wapi? Kama ni kwenye mashine ya mtaani, aliyekutangulia kwenye foleni huenda alisaga ngano, na vumbi lake linatoka na unga wako. Kama unauroweka na kuusaga nyumbani kwa blenda, hiyo blenda inasaga nini kingine? Na lile sinia, unalipaka samli halafu unalinyunyizia unga gani usigande?

Mtu anayekataa ngano kwa kupunguza tumbo hatadhurika na vumbi. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni huumiza utumbo wake, atadhurika, na huyo ndiye atakayeliamini hilo neno lako. Andika "Mkate wa unga wa mchele", taja viungo vyote, taja kama ngano huingia jikoni mwako. Ukitaka lile neno kubwa, peleka mkate maabara upimwe kwanza.

SWALI: Bi, mwanangu wa miaka minne ana mzio wa mayai, daktari amethibitisha. Kila sherehe ni vita. Mama mkwe wangu anasema namdekeza, nimpe keki kidogokidogo atazoea. Juzi alimpa kwa siri, mtoto akatapika na kutoka upele. Nasema nini bila kuvunja adabu?

*Mke wa mtu, Kisauni*

JIBU: Pole, mwanangu. Mwambie mumeo aseme yeye, ni mamake. Na safari ijayo ya kliniki mchukueni na bibi mwenyewe, alisikie kwa daktari. Wazee wengi wanamkatalia mkaza mwana neno ambalo wanalikubali kutoka kwa koti jeupe, nami nasema hivyo nikiwa bibi.

Watoto wengi huachana na mzio wa mayai au wa maziwa wanapokua, lakini kupimwa kama umeondoka ni kazi ya hospitali, haifanywi sebuleni kwa kipande cha keki. Safari hii alitapika, ijayo si lazima iwe hivyohivyo. Muulize daktari kama mtoto anahitaji sindano ya adrenalini ya kutembea nayo. Akikosa pumzi, akivimba ulimi au akilegea, usingoje dawa ya upele ifanye kazi, mkimbize hospitali.

Kwenye sherehe, mbebee chake mwenyewe kwenye mkebe wenye jina lake. Keki isiyo na mayai inaokeka vizuri tu kwa maziwa lala na kijiko cha siki. Ukitaka vipimo vyake, niandikie.

SWALI: Bi Mkubwa, mimi ni mzee wa mahamri na mbaazi, Majengo, karibu na msikiti. Nimesikia mambo yenu ya lebo. Hamri moja naifunga kwa gazeti. Nibandike wapi?

*Mzee wa Mahamri*

JIBU: Mzee wangu, umenichekesha asubuhi asubuhi. Hamri ya mkononi haina pa kubandika, lakini gazeti liache, wino wake unashikana na mafuta na watu wanaula. Nunua karatasi nyeupe. Kisha tafuta kipande cha ubao na chaki, uandike mahamri yana ngano, na maziwa ikiwa unatia maziwa, mbaazi ni za nazi. Mteja akiuliza, umjibu unachokijua, na kijana anayekusaidia naye akijue, maana wewe ukienda kuswali ndiye anayebaki na karai.

Halafu kuna hayo mafuta. Yale ya jana jioni uliyokaangia samaki na kamba, usiyatie mahamri ya asubuhi.